Kutoa kardani ya mbele: ni akiba ao ni hasara?

Labda nyumbani kwenu mambo iko hivi. Masomo inaanza, watoto wanangojea minervali, na papo hapo gari ya jamaa inaanza kulia chini: ka-ka-ka! Fundi analala chini ya gari, anatoka, anasema: "Papa, kardani ya mbele imekufa. Ao ununue ingine, ao tuitoe, utembee na magurudumu ya nyuma tu." Ile njia ya pili haiombi pesa mingi. Basi unaitika mbio.

Ngoja kidogo. Mbele ya kushika ufunguo, ujue kwanza gari yako ni ya namna gani.

Namna ya kwanza: Land Cruiser 70 ao Hilux yenye levye ya pili. Mingi kati yao, katika mwendo wa kila siku, inasukumwa na magurudumu ya nyuma tu. Ikiwa katikati ya gurudumu la mbele kumeandikwa FREE na LOCK, zungusha ku FREE. Kazi imekwisha, hakuna cha kukata wala cha kununua.

Namna ya pili: Land Rover Defender ya zamani, ile iliyotengenezwa mpaka mwaka 2016. Hii magurudumu yote 4 inasukuma siku zote. Katikati kuna diferansiele inayogawa nguvu mbele na nyuma. Ukitoa kardani ya mbele na kuacha hivyo, motere itanguruma na gari haitatembea! Juu ya nini? Nguvu inakimbilia pale hapana mzigo, kama maji ya mufereji uliotoboka. Kwa hiyo lazima ufunge ile diferansiele: sukuma levye fupi pembeni mpaka taa yake iwake, na uiache vile siku zote kardani haiko.

Namna ya tatu: gari ndogo kama RAV4, yenye motere iliyolala kwa kukingama. Kwa hizi nguvu inaanzia mbele. Kuigeuza isukumwe na nyuma tu ni kazi ya bei kali. Acha.

Ikiwa yako ni Defender, fanya hivi. Isimamishe pahali sawasawa, zima motere, weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Frene ya mukono ya gari hii inashika kardani ya nyuma, haishike magurudumu yenyewe. Kwa hiyo usiitumainie peke yake, na usitoe hata siku moja kardani ya nyuma juu ya kufanya akiba. Tia alama ya rangi pande zote mbili, ili kardani irudi vile ilikuwa. Fungua bulo 4 kila upande, uziweke mu kopo.

Sasa tuhesabu. Mafuta utakayookoa ni kidogo, kwa sababu magurudumu ya mbele bado yanazungusha vyuma vyake. Nguvu yote inabebwa na vyuma vya nyuma peke yao: usipakie kupita kiasi, usivute gari ingine. Ku lami, kama kutoka Lubumbashi mpaka Likasi, karibu kilometa 120, utafika. Lakini mvua ikianza, katika matope ya njia za pembeni utakwama pale jirani anapita. Tena siku ya kuuza gari, ambia mununuzi ukweli.

Na ninyi vijana, munaotaka gari iteleze mukia kama mu video: barabara yetu ina mama wenye mabeseni ku kichwa na watoto wanaotoka masomo. Gari inayoteleza haichague nani itagonga.

Katika Luka 14, Bwana Yesu alisema juu ya mutu anayetaka kujenga munara: anakaa kwanza, anahesabu. Papa, mama, kaeni pamoja jioni hii. Toeni kardani leo kama ni lazima, minervali ilipwe. Lakini kila mwezi wekeni kidogo pembeni, ili mbele ya mvua ya mwezi wa 11 kardani mupya iwe pahali pake.