Hasara ikitokea kazini, nani analipa?



Msimu uliopita, katika mkutano mmoja huku Luvungi, mama mlimaji wa mpunga alisimama akatuuliza: «Ninyi maagronomu mkituambia tupige dawa fulani, tukaipiga, halafu mpunga ukaungua, nani atalipa? Ninyi ama sisi?» Watu wakacheka. Sisi pia tulicheka, lakini kicheko chetu kilikuwa kifupi, kwa sababu jibu hatukuwa nalo. Tangu siku ile tumesoma sheria na kuuliza maavoka, na leo tunawaletea tulichopata. Sisi ni watu wa mbegu na udongo, si wanasheria. Mwenye kesi mkononi aende kwa avoka, asibebe karatasi hili mbele ya tribinali.

Sheria inayojibu swali la mama ni ya zamani sana. Ni dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, ile ambayo maavoka wanaiita Kitabu cha tatu cha sheria ya raia. Iliandikwa wakati wa mfalme Leopold II, na mpaka leo ndiyo inayotumika. Kifungu cha 258 kinasema, kwa maneno yetu, kwamba mtu akimletea mwingine hasara kwa kosa lake, analazimika kuilipa. Kifungu cha 259 kinaongeza kwamba si lazima uwe umekusudia: uzembe tu, ama kutokuwa mwangalifu, vinatosha. Kifungu cha 260 kinakwenda mbali zaidi. Tajiri anajibu juu ya kosa la mfanyakazi wake akiwa kazini, na mtu anajibu juu ya kitu anachokichunga. Halafu kuna cha 261, ambacho kila mtu wa uwanda wa Ruzizi angepaswa kukijua: mwenye mnyama analipa hasara aliyoifanya mnyama, hata kama mnyama alikuwa amepotea ama amemponyoka mchungaji. Neno «ng'ombe walikimbia usiku» halimwondolei mtu deni.

Basi turudi kwa mama na mpunga wake. Ili alipwe, inabidi aonyeshe mambo matatu: kosa, hasara, na kwamba ni kosa lile ndilo lililoleta hasara ile. Jambo la tatu ndilo gumu. Mpunga unaweza kuungua juu ya dawa mbaya, ama kipimo kilichozidishwa, ama pompi iliyobaki na dawa ya kuua majani ya jana, ama jua la mchana, ama ugonjwa ambao ulikuwa umekwisha kuingia. Kama sisi tulisema kipimo kisicho cha kweli, kosa ni letu, na shirika linalotutuma kazi litaulizwa pamoja nasi kufuatana na kifungu cha 260. Kama tulisema vizuri na mlimaji akatia mara mbili ili «iue vizuri», kosa ni lake. Kama muuzaji alimimina dawa nyingine ndani ya chupa ya soda na kumwambia ni ileile, kosa ni la muuzaji. Lakini mwezi mmoja baadaye, chupa imetupwa, risiti hakuna, na kila mtu anakumbuka maneno yake mwenyewe. Nani atajua?

Kwa hiyo tunawaomba mtudai. Agronomu akikupa kipimo, mwambie akiandike kwenye daftari la koperative, na tarehe, jina la dawa na saini yake. Asikasirike, akikasirika, jiulizeni juu ya nini. Nunueni dawa iliyofungwa, yenye karatasi yake, na mbegu zenye kibandiko cha SENASEM kama muuzaji anadai zimehakikishwa. Wekeni chupa na risiti mpaka mavuno. Na kila mara muache mistari miwili ama mitatu ya mpunga bila kupiga dawa. Mistari ile ndiyo shahidi wenu. Kama iko ya kijani na shamba lingine limekauka, mtu yeyote ataona. Kama yote imekauka, basi huenda dawa haina kosa. Mkiona jambo baya, piganeni picha na shamba hata kwa simu ndogo, na mtuite siku hiyohiyo, si baada ya wiki tatu.

Sasa tuseme juu ya komite, kwa sababu huku ndiko tunaona hatari kubwa zaidi, na watu hawaizungumzi.

Kongo iliingia OHADA tarehe 12 Septemba 2012. Tangu hapo koperative zetu zinafuata sheria ya OHADA iliyopitishwa Lomé tarehe 15 Desemba 2010, ile inayotambua koperative za aina mbili: ile nyepesi, inayohitaji watu wasiopungua watano, na ile yenye baraza la utawala, inayohitaji wasiopungua kumi na tano. Mengi ya sheria hiyo mnayajua: hisa, mkutano mkuu, kura moja kwa kila mtu. Lakini ina sehemu moja juu ya madaraka ya viongozi ambayo hatujaona ikisomwa katika mkutano hata mara moja. Inasema kiongozi anajibu yeye mwenyewe, kwa mali yake, juu ya makosa aliyoyafanya katika kazi ya uongozi. Viongozi wawili ama watatu wakishiriki kosa moja, mtu wa nje aliyepata hasara anaweza kumshika yeyote kati yao kwa deni lote. Anayetaka kushtaki ana miaka mitatu, na kama jambo lilifichwa, miaka hiyo inaanza siku lilipojulikana. Na makofi ya mkutano mkuu hayafuti kitu: hata kama wanamemba wamepiga kura kwamba komite imefanya kazi vizuri, mlango wa kushtaki juu ya kosa unabaki wazi.

Tuchukue mfano wa depo. Wanamemba wanaleta mpunga baada ya mavuno, wanaungoja bei ipande, wengine wanakopa juu yake. Maji yanaingia usiku, magunia themanini yanaoza. Prezida anasema: «Ni Mungu.» Pengine. Sheria inakubali kwamba kuna mambo yanayozidi nguvu za mtu. Lakini hapa Uvira, usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, Mulongwe ulitoka kwenye njia yake ukabeba nyumba, daraja na watu. Na katika miaka iliyofuata tumeona ziwa lenyewe likipanda mpaka likaingia ndani ya nyumba za Kavimvira na kwenye bandari ya Kalundu. Baada ya hayo, komite inayopanga magunia chini kabisa, bila mbao, katika depo iliyo karibu na mto ama na ziwa, itasema haikujua? Sisi tunaona jaji angeuliza swali hilo kwanza. Mbao chini ya magunia, mfereji kuzunguka depo, na PV ya mkutano ambamo komite imeandika «tumeona hatari, tumefanya hivi» ni vitu vya bei ndogo, na vinamlinda kiongozi kuliko maneno.

Kuna koperative ambazo bado hazijaandikishwa kwenye rejista ya koperative. Wanasema ni wakati na pesa, na tunawaelewa, ofisi ni mbali. Lakini wajue kwamba bila kuandikishwa, koperative si mtu mbele ya sheria. Wale walioweka saini kwenye mkopo ama kwenye mkataba wa depo ndio watakaotafutwa nyumbani kwao.

Mpaka hapa tumesema juu ya nani anayepaswa kulipa. Neno la pili ni: atalipa na nini? Mlimaji mwenye are ishirini akihukumiwa kulipa dola elfu tano, hukumu inabaki karatasi. Hapo ndipo asiransi inaingia.

Watu wa Sange hawahitaji kukumbushwa tarehe 2 Julai 2010. Lori la mafuta lilipinduka barabarani, mafuta yakamwagika, moto ukashika, na watu zaidi ya 230 wakafa, wengine wakiwa wamekaa wanaangalia mpira wa Kombe la Dunia. Tunalitaja kwa heshima, kwa sababu linaonyesha kitu kimoja: hakuna mwenye lori moja anayeweza kubeba hasara kama ile kwa mfuko wake. Ndiyo maana tangu sheria ya tarehe 5 Januari 1973, kila gari hapa Kongo lazima liwe na asiransi ya hasara inayofanywa kwa watu wengine. Pikipiki ya koperative imo pia. Magari yanayovuka mpaka, kutoka Burundi ama Tanzania, yanaweza kubeba Kadi ya Manjano ya COMESA, ambayo Kongo inaitambua.

Zamani asiransi ilikuwa jina moja tu: SONAS, iliyoanzishwa mwaka 1966, na ilikuwa peke yake katika nchi nzima. Sheria namba 15/005 ya tarehe 17 Machi 2015 ilibadilisha hayo. Ilifungua soko na kuweka mlinzi wa soko hilo, anayeitwa ARCA, na mwaka 2019 makampuni ya binafsi ya kwanza yalipata vibali. SONAS bado ipo, lakini sasa unaweza kuuliza bei mahali pawili. Kuna jambo ambalo watu wa mpakani wanalisahau: hatari iliyoko Kongo inapaswa kupewa asiransi na kampuni yenye kibali cha Kongo. Asiransi ya depo ya Kiliba iliyonunuliwa Bujumbura kwa sababu ni rahisi inaweza isikusaidie siku ya shida. Na mtu akija na kikaratasi cha kampuni usiyoijua, muulize kibali cha ARCA kabla ya kutoa pesa.

Tumeona koperative nyingi zinachanganya asiransi za aina mbili. Ile ya pikipiki ama gari, ya lazima, inamlipa mtu uliyemgonga. Haikulipi wewe, wala pikipiki yako, wala magunia uliyokuwa unabeba. Mwaka mmoja koperative moja ya uwanda ilikodi Fuso kupeleka mahindi Bukavu. Gari lilianguka njiani, mahindi yakamwagika na mengine yakaibwa. Mwenye gari alionyesha asiransi yake, iko sawa kabisa, na kampuni ikakataa kulipa mahindi. Kampuni haikuwa na kosa. Mahindi yalihitaji asiransi yake, ama angalau mkataba wa maandishi na mwenye gari unaosema nani anabeba hasara njiani. Koperative ile haikuwa na kimoja wala kingine. Ilikuwa na namba ya simu ya dereva.

Vilevile asiransi ya moto ama ya maji kwa depo inalinda mali yenu wenyewe. Kosa la kiongozi ama la fundi wa koperative linahitaji kifungu kingine, kile cha madaraka kwa watu wengine. Mnaweza kuweka vyote katika mkataba mmoja, lakini mviulize kwa jina. Na someni sana ukurasa wa yale ambayo kampuni hailipi. Vita na machafuko kwa kawaida vimeandikwa pale, na kwetu sisi hilo si neno dogo. Hasara ya kukusudia hailipwi kamwe. Karibu kila mkataba una sehemu ya kwanza ya hasara unayobaki nayo mwenyewe, kwa mfano dola mia za kwanza. Uliza ni ngapi. Uliza pia siku za kutangaza hasara, kwa sababu ni chache, na ukizipitisha kampuni ina njia ya kukukatalia.

Wengine wametuuliza juu ya asiransi ya mpunga wenyewe, ukikauka ama ukizama. Kenya, huko Marsabit, tangu mwaka 2010 wafugaji wananunua asiransi inayoangalia majani kwa satelaiti na kulipa ukame ukifika. Hapa Ruzizi bado hatujakutana na kampuni inayouza kitu kama hicho kwa mlimaji mdogo. Mtu akiwauzia leo, mtuite kwanza.

Kuhusu sisi wenyewe, tumeomba ofisi yetu iandike wazi nani anabeba hasara kama ushauri wetu una kosa. Jibu la maandishi bado tunalingoja. Likifika tutalichapa hapa, liwe zuri ama baya. Wakati tunangoja, tumeanza kuandika vipimo vyote kwenye madaftari ya koperative. Mama wa Luvungi alituletea lake wiki iliyopita, limefunikwa plastiki, na kwenye ukurasa wa kwanza tayari alikuwa amechora mistari yake mitatu isiyopigwa dawa.