Usiku wa Muziki wa Kantri Mjini Nashville

Katika mji wa Nashville, jimbo la Tennessee nchini Marekani, hufanyika kila mwaka, mwezi wa Juni, tamasha la siku nne la muziki wa kantri, ambalo asili yake ni mkutano wa mwaka 1972 uliokusudiwa kuwakutanisha waimbaji na mashabiki wao. Inapowadia jioni, halaiki ya watu, baadhi yao wamevaa kofia pana na buti za ngozi kama za wachunga ng'ombe, huvuka daraja la waendao kwa miguu juu ya mto Cumberland, wakielekea uwanja wa mpira ulio ng'ambo. Humo waimbaji mashuhuri hupokezana jukwaa hadi usiku mwingi, kila mmoja akiimba nyimbo chache tu za huba, za shamba na za safari, huku gitaa na fidla zikiitikiana, na hadhira ikipokea viitikio kwa sauti moja.

La kustahiki sifa ni kwamba waimbaji hao hawatozi ujira, na sehemu ya mapato hutolewa kusaidia mafunzo ya muziki mashuleni. Msomaji atakayejaaliwa kuhudhuria asisahau koti la mvua, kwani radi za Juni huko hazina miadi.