Muhtasari wa Kozi ni Mkataba

Ndugu msikilizaji, juma hili tuzungumzie karatasi ambayo wanafunzi wengi wa chuo kikuu huipokea siku ya kwanza, wakaikunja na kuisahau. Karatasi hiyo ni muhtasari wa kozi, na hasa nakusudia ule wa kozi ya mbinu za utafiti.

Mimi niliposoma kozi hiyo, muhtasari ulikuwa ukurasa mmoja wenye orodha ya mada. Nadharia zilitangulia, kutunga dodoso kukawa mwishoni, na maadili ya utafiti yakawekwa mkiani. Muhula uliisha kabla hatujayafikia. Nikaenda sokoni na maswali 40 mkononi. Mama mmoja muuza mboga akaniuliza, "Mwanangu, majibu yangu unayapeleka wapi?" Sikuwa na jibu, ingawa mtihani nilikuwa nimefaulu.

Mpangilio wa karatasi hiyo una uzito kwa sababu utafiti ni kazi ya hatua, na swali ndilo linaloamua njia. Ukitaka kujua ni kaya ngapi hazina maji ya bomba, utahitaji sampuli na dodoso. Ukitaka kujua kwa nini watu huamini maji ya kisima kuliko ya bomba, itabidi ukae nao uwasikilize. Orodha ya mada haionyeshi uhusiano huo. Muhtasari mzuri humwambia mwanafunzi: wiki ya tatu leta swali lako; wiki ya sita leta dodoso ulilokwisha kulijaribu kwa watu wachache; na kila kazi itasahihishwa kwa vigezo hivi.

Maadili nayo yatangulie. Kule Tuskegee, Marekani, tangu 1932 hadi 1972, wanaume weusi 399 wenye kaswende walichunguzwa bila kuambiwa ukweli, wala hawakupewa penisilini hata ilipokwisha kujulikana kuwa inatibu. Waliowachunguza walikuwa wasomi waliojua vyema kupima damu.

Wapo wahadhiri wanaosema muhtasari wa namna hiyo humbana mwalimu. Kuna ukweli kidogo hapo. Lakini mkataba ulioandikwa unaweza kurekebishwa kwa makubaliano. Usioandikwa hauwezi hata kudaiwa.

Basi wewe mwanafunzi, usiikunje karatasi ile. Isome. Kama haisemi utafanya nini, lini, na utapimwa vipi, muulize mwalimu wako mapema. Kuuliza si ujinga.

Hadi juma lijalo, kwaherini.