Mwalimu Naye Hufundishwa: Kazi ya Kuwasaidia Watoto Wasioweza Kusoma

Lavington, upande wa magharibi wa jiji la Nairobi, hujulikana kwa nyumba zake kubwa na bustani zenye miti mirefu. Huko ndiko Mapadre wa Roho Mtakatifu walikofungua misheni ya Mtakatifu Austin mwaka 1899 na kupanda mikahawa. Lakini kila asubuhi barabara zake hupitwa na watoto waendao kwa miguu kutoka Kawangware, mtaa wa jirani wenye vyumba vya mabati, kwenda kusoma katika shule za serikali. Nyumbani wengine husema Kiluhya, wengine Kikuyu, wengine Kijaluo. Njiani husema Kiswahili cha mtaani. Na darasani hukuta Kiswahili sanifu pamoja na Kiingereza. Kuwawezesha watoto hao kusoma ni kazi nzito.

Msomaji na achukue mfano wa mwalimu wa kike wa darasa la pili katika shule kama hizo, ambaye kwa miaka mingi amefundisha vile alivyofundishwa yeye mwenyewe. Huandika sentensi ubaoni, huonyesha kila neno kwa kijiti, nao watoto 50 huitikia kwa sauti moja. Apitaye dirishani hufurahi, kwa kuwa darasa zima lasikika likisoma. Lakini siku moja mwalimu humwita mtoto mmoja peke yake, akaifunika picha kwa kiganja, akamwonyesha neno lililo katikati ya mstari. Mtoto hunyamaza. Kumbe hakuwa akisoma. Alikuwa akiimba maneno ya wenzake.

Jambo hili si la shule moja. Mwaka 2003 serikali ya Kenya iliondoa karo katika shule za msingi, na watoto zaidi ya milioni 1 wakaongezeka madarasani. Hiyo ilikuwa heri kubwa, ila walimu walizidiwa. Shirika la Uwezo, lililoanza mwaka 2009 kuwapima watoto majumbani mwao, liliona katika miaka yake ya mwanzo kwamba miongoni mwa watoto 10 wa darasa la tatu, ni 3 tu hivi walioweza kusoma hadithi ya darasa la pili.

Ndipo Wizara ya Elimu, kwa msaada wa Marekani, ilipoanzisha mpango ulioitwa Tusome, ambao mwaka 2015 ulienezwa katika madarasa ya kwanza ya shule za serikali nchini kote. Kila mtoto alipewa kitabu chake, badala ya watoto wanne kuinamia kimoja. Mwalimu naye alipewa kitabu cha kumwongoza siku kwa siku. Msaada huo umekwisha, lakini njia zilizofundishwa hazihitaji fedha nyingi, na yafaa kila mzazi azifahamu.

Njia ya kwanza ni kuanza na sauti za herufi kabla ya majina yake. Mtoto akijua sauti ya b na sauti ya a, huziunganisha kupata "ba", kisha "baba". Kiswahili chafaa sana kwa kazi hii, maana herufi zake hazibadili sauti ovyo kama zilivyo za Kiingereza. Hata hivyo yako mafundo yake: mtoto asiyesumbuliwa na "mama" aweza kukwama kabisa afikapo kwenye "ng'ombe" au "mbwa".

Ya pili ni kufundisha kwa hatua tatu. Kwanza mwalimu husoma peke yake watoto wakisikiliza; kisha husoma pamoja nao; mwisho kila mtoto husoma mwenyewe. Mwalimu wa zamani aliishia hatua ya pili, akadhani kazi imekwisha.

Ya tatu, ambayo ndiyo kiini cha yote, ni kumsikiliza mtoto mmoja mmoja. Mtoto husoma kwa dakika moja, naye mwalimu huhesabu maneno aliyoyapata sawasawa. Mtoto wa darasa la pili alitarajiwa kusoma maneno 45 ya Kiswahili au 65 ya Kiingereza katika dakika hiyo, kisha ajibu maswali juu ya aliyoyasoma. Hapo mwalimu hutambua kwamba "wasiojua kusoma" si kundi moja. Yuko asiyezijua herufi. Yuko azijuaye lakini hawezi kuziunganisha. Na yuko asomaye mbio bila kuelewa neno. Kila mmoja ana dawa yake, na dakika chache kila siku pamoja na watoto watano wenye shida moja hufaa kuliko saa nzima ya kuwakemea wote. Na aonekanaye mvivu huenda haoni vizuri ubaoni au hasikii. Huyo apelekwe akapimwe katika vituo vya serikali vya watoto wenye mahitaji maalumu, vilivyoanzishwa mwaka 1984.

Lakini mwalimu aliyezoea njia moja kwa miaka 20 atabadilikaje? Hatabadilika kwa kusomewa hotuba. Mpango huo uliwatuma maafisa wa mtaala kuingia darasani, wakiwa na kishikwambi mkononi, wakae nyuma, watazame somo, wawasikilize watoto watatu wakisoma, kisha wazungumze na mwalimu kwa faragha. Mwanzoni walimu wengine humwogopa mgeni huyo kama mkaguzi. Wakiona haji kutafuta makosa, humwuliza wenyewe yanayowashinda.

Wazo hilo si geni katika upande huu wa Nairobi. Mwaka 1925 ilifunguliwa huko Kabete, si mbali na Lavington, Shule ya Jeanes, iliyowafundisha walimu Waafrika kuzizungukia shule za vijijini na kuwasaidia wenzao. Mfano wake ulitoka Marekani, ambako mwalimu Mweusi Virginia Randolph alianza kazi kama hiyo katika jimbo la Virginia mwaka 1908. Mahali hapo pa Kabete sasa hufundishwa watumishi wa serikali, lakini mafunzo yake yangali na maana: mwalimu aliyeachwa peke yake huchoka, na mwalimu aliyetembelewa hujifunza.

Mzazi naye ana sehemu yake. Jioni, baada ya kazi ya shamba au ya ofisi, na amwambie mtoto asome ukurasa mmoja kwa sauti, akiifunika picha. Asimcheke wala asimpige akikosea. Kama mtoto hawezi, aende amwone mwalimu mapema, maana usipoziba ufa utajenga ukuta. Mtoto asiyejua kusoma afikapo darasa la nne hukuta hesabu, sayansi na dini vyote vimeandikwa, na kila kitabu kwake ni mlango uliofungwa. Atakapokuwa mtu mzima, karatasi ya mshahara na maandishi yaliyo juu ya chupa ya dawa ya mimea atasomewa na mtu mwingine.