Andika Bei ya Asali

Muswada wangu wa kwanza ulianza hivi: tangu enzi na enzi nyuki wamekuwa rafiki wa binadamu. Nilimsomea baba, mrina asali wa Sikonge, tukiwa tumekaa kwenye mkeka barazani kwake. Alisikiliza kurasa tatu bila kusema neno, kisha akaniuliza, "Mwanangu, mbona hukutaja mzinga ni wa gome la mti gani?"

Nilikuwa nimefundisha Kiswahili miaka ishirini na sita, na jibu sikuwa nalo.

Kesho yake nilirudi na daftari la mistari, nikamwuliza kama mgeni asiyejua kitu. Gome la myombo hubanduliwa vipi lisipasuke? Mzinga hupandishwa mtini mwezi gani? Mwaka ule uliponipeleka shule, debe la asali uliliuza shilingi ngapi? Baba alikumbuka bei, akakumbuka na mnunuzi aliyempunja. Zile kurasa tatu nilizichoma moto. Kitabu changu kilianzia kwenye lile debe.

Siku hizi vijana wa hapa Tabora wakinijia kuuliza kitabu kinaanzwaje, nawaambia wakasome maisha ya Tippu Tip aliyoyaandika kwa mkono wake. Sisifu biashara yake. Alikusanya mali kwa pembe na kwa watumwa, na njia ya misafara iliyopita hapa kwetu ilimeza watu wengi. Lakini kwa uandishi ana somo. Hamed bin Muhammed, ndilo jina lake hasa, baba yake alikaa Ituru, jirani na Tabora, akamwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Uzeeni, akiwa Unguja, Mjerumani mmoja, Heinrich Brode, alimhimiza aandike habari zake. Akaandika Kiswahili chake kwa herufi za Kiarabu. Brode akakihamishia katika herufi za Kirumi, kikachapwa Berlin mwaka 1902 na 1903. Mwaka 1905 mzee akafariki. Angesema ngoja kwanza nipumzike, tusingekuwa na kitabu hicho.

Tazama anachokiweka kwenye ukurasa. Nani alimkopesha mali, frasila ngapi za pembe, walisafiri siku ngapi kutoka mahali hadi mahali, nani aligombana na nani. Hapambi machweo ya jua. Anaongea kama mtu aliyekaa na wenzake baada ya swala ya isha, na wewe unamfuata kwa sababu unaamini alikuwapo.

Sasa kisome mara ya pili, umtafute mpagazi. Wanyamwezi waliobeba mizigo ile mabegani, wakaijua kila chemchemi kati ya hapa na pwani, humo ni hesabu tu: mamia wamepatikana, wengine wametoroka. Msimuliaji mmoja hawezi kuona kila kitu, na alichokiacha ndicho kazi yako wewe. Mimi niliandika habari za mrina asali kwa sababu vitabu vya nyuki nilivyovipata viliandikwa na wataalamu, na ndani yake baba yangu hakuwamo.

Usisubiri kompyuta. Nenda Kwihara, kilomita chache kutoka mjini, uitazame tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872 akingoja wapagazi. Mwaka mmoja kabla, akiwa Nyangwe, huko Kongo, alikuwa ameishiwa karatasi. Akaandika juu ya magazeti ya zamani, kwa wino wa matunda ya porini. Mimi niliandika ukurasa mmoja kila alfajiri kabla ya kwenda shambani, miezi kumi na minne. Siku nyingine nusu ukurasa. Nilijiwekea sharti moja tu: nisisahihishe cha jana kabla sijaandika cha leo.

Ukimaliza, msomee mtu kwa sauti. Pale ulimi unapokwama, hapo sentensi ina kasoro. Pale msikilizaji anapoanza kuchokonoa mkeka, futa.

Kuhusu kuchapisha, nataka niwe wazi kwa sababu nililipia somo hili. Mchapishaji na mpiga chapa ni watu wawili. Mchapishaji akiukubali muswada, anagharamia kazi na kukulipa mrabaha. Mpiga chapa unamlipa wewe, na hadhamini wala hauzi. Mimi nilimlipa mpiga chapa fedha yote mapema. Nakala mia tatu zikaja na sura ya nne imetangulia ya tatu, na hakuna aliyenirudishia senti. Dai nakala moja ya mfano, isome ukurasa kwa ukurasa, ndipo umalizie malipo. Mkataba usomwe na mtu mwingine kabla ya kuweka sahihi. Namba ya ISBN hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, na haki ya kazi yako iandikishe COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Na kama umeandika riwaya au mashairi, fuatilia Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania.

Baba alikishika kitabu chake, akaomba asomewe sehemu ya debe la asali, kisha akaomba tena. Wewe nawe una mzee aliyefanya kazi reli, aliyechoma tumbaku Urambo, aliyeuza maembe stesheni. Nenda kwake wiki hii na daftari. Anza kwa kumwuliza bei.