Fahamu: Jinsi dosari ya tufaha inavyobashiriwa kabla ya kuingia ghalani
Tufaha la Honeycrisp, lililotolewa na Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, mwaka 1991, hupendwa mno kwa utamu na maji yake, lakini lina aibu moja kubwa: huchumwa likiwa zima, likatiwa katika ghala la baridi, na baada ya majuma machache likatoka na madoa ya hudhurungi yaliyobonyea, na chini ya kila doa nyama imekauka ikawa kama sifongo, chungu kuonja. Si kuvu wala mdudu. Asili yake ni uhaba wa kalsiamu, na aghalabu huyasibu matufaha makubwa ya mti uliozaa machache.

Ili kuibashiri dosari hii, wataalamu hupima uwiano wa potasiamu na kalsiamu katika ganda. Njia niipendayo zaidi, kwa wepesi wake, ni ile iliyotafitiwa katika Chuo Kikuu cha Cornell: mkulima huchuma matufaha ya majaribio majuma matatu kabla ya mavuno, huyaweka chumbani pasipo baridi, kisha huyahesabu yaliyotoka madoa. Yakiwa mengi, mavuno ya shamba lile yauzwe upesi, kwani ni hasara iliyoje kugharimia ubaridi wa miezi kwa shehena itakayotupwa!