Jicho la mbwa: soma tyubu kabla hujalipa

Vijana wengi wenye mabanda ya kuku mna mbwa wa kulinda usiku. Jicho lake likianza kutoa tongotongo, mkienda Kariakoo kufuata dawa za kuku mnaongezea: "Nipe na ya macho ya mbwa." Ukipewa tyubu, igeuze kwanza.

Ya tetrasaiklini 1% ni antibayotiki tupu. Kwa jicho jekundu lenye usaha inafaa. Ukikuta imeandikwa deksamethasoni, prednisoloni au haidrokotisoni, hiyo ina steroidi, irudishe. Steroidi inaondoa wekundu chapchap, unadhani mbwa kapona. Kumbe kama konea, kile kioo cha mbele ya jicho, ilikwaruzwa na waya au kucha za paka, kidonda hakifungi, kinazidi kuchimba, na jicho linaweza kutoboka. Mkwaruzo mdogo huuoni kwa macho matupu. Daktari wa mifugo huweka tone la rangi ya fluoresini, penye kidonda panang'aa kijani.

Kupaka sasa. Nawa mikono, futa uchafu kwa pamba na maji yaliyochemshwa yakapoa. Mwenzako ashike kichwa. Vuta kope ya chini, kamulia dawa kiasi cha punje ya mchele, ncha isiguse jicho. Mara 3 kwa siku.

Siku 2 bila nafuu, mpeleke kwa daktari. Akiwa analifumba jicho, au limeingia ukungu wa buluu, usisubiri hata hizo siku 2. Na macho yote mawili yakitoa usaha huku anakohoa na hali chakula, inaweza kuwa distempa. Hapo tyubu haisaidii kitu.